Vitu Tulivyomwachisha Mzee Gaudensi

Ninyi mliobaki na kamba na turubai mmeniomba niandike machache kuhusu kazi yetu ya kuhamisha watu kabla sijaondoka Makambako. Neema mwenzenu alisema iwe fupi, kwa sababu hamsomi. Nitajaribu. Mshahara na vyeo sitavigusa, kwa kuwa mshahara mnaujua na vyeo havikuwepo.

Nilianza kazi hii nikiwa muuza chai. Mume wangu alikuwa amefariki, mwanangu Baraka yuko darasa la nne, nami nilikuwa nachemshia wapakiaji chai pembeni ya yadi ya malori. Siku moja alikuja mke wa mwalimu mkuu aliyehamishiwa Ludewa. Akatazama wanaume waliokuwa wamekaa juu ya magunia, akasema wazi kwamba hakuna hata mmoja wao atakayegusa vyombo vyake. Mwenye malori akageuka, akaniona na birika langu. "Wewe, Mama Baraka, si unajua vyombo?" Nikasema najua. Nilikuwa najua kuviosha.

Nilivipanga vikombe kimoja ndani ya kingine, nikavifunika na kanga juu, nikaridhika. Barabara ya Ludewa mnaijua. Tulipofungua boksi, vikombe sita vilikuwa vipande, na yule mama hakunigombeza, alilia tu. Vilikuwa vya harusi yake. Tasilo, aliyekuwa msimamizi wetu, alinichukua kando akanifundisha mambo ambayo nimewafundisha na ninyi mpaka mmechoka: sahani hazilazwi chali, husimamishwa kwa ukingo kama vitabu. Kila kikombe kina nguo yake. Boksi likitikiswa lisiseme kitu. Sukari, chumvi na unga huingia ndani ya sufuria, na sufuria hufungwa kwa kitambaa. Kioo hulala katikati ya magodoro mawili. Nati za kitanda ziingie kwenye soksi, na soksi ifungwe kwenye mguu wa kitanda chenyewe, kwa sababu atakayekiunga huko mwisho wa safari atakuwa na usingizi na hasira.

Tasilo alikuwa Mkinga wa maneno machache. Hakuwahi kunisifia. Mwaka wa tatu alinikabidhi sindano yake ya kushonea magunia, akasema macho yake hayaoni tena tundu. Nilishukuru kama mtu aliyepewa shamba. Aliporudi kwao Makete mimi ndiye niliyempakia, na mzigo wake wote uliingia kwenye kona ya lori lililokuwa linapeleka mabati. Alisema, "Ukiona mtu anahama na lori zima, huyo bado anategemea kurudi alikotoka." Sikumwelewa, na mpaka leo sina hakika kama alikuwa sahihi.

Kwa miaka hiyo yote nimepakia walimu, manesi, polisi, mabwana shamba na padre mmoja mwenye vitabu vizito kuliko dhambi. Nesi mmoja alipakia jiko la mkaa akiamini limezimika. Tulikuwa tumeshaanza kupanda kuelekea Kitulo tulipoona turubai linafuka. Mwingine alitaka tubebe mawe ya kupandia maua. Tuliyabeba. Watu huacha nyuma vitu vilevile: ufagio nyuma ya mlango, kalenda ukutani, ndoo iliyotoboka, na paka. Paka ninyi msihangaike naye. Yeye hahami, wanaohama ni binadamu.

Jambo ambalo sikuwahi kuwaambia ni kwamba kazi hii ina upweke wake. Unaingia nyumba ya mtu asubuhi. Kufikia saa sita unajua kwamba baba analala chumba cha uani, unajua dawa zilizofichwa chini ya nguo, unajua barua zinazosomwa mara kwa mara kwa jinsi zilivyolegea kwenye mikunjo. Mama mwenye nyumba anakushika mkono akilia, anakuita dada. Saa tisa lori linaondoka, na hutamwona tena. Niliwahi kukutana sokoni Njombe na mwanamke ambaye nilimfungia mpaka nguo za marehemu mwanawe. Nikamsalimia kwa furaha. Akaniitikia vizuri, kisha akaniuliza viazi nauzaje.

Jioni nilikuwa narudi kwenye chumba changu na sebule yangu hapa Makambako, nawasha redio ili pawe na mtu anayezungumza. Baraka alikuwa ameshaenda kusoma, baadaye akapata kazi Dodoma, akaoa huko. Sikuwa na shida. Nilikuwa peke yangu tu.

Sasa nifike kwa Mzee Gaudensi, kwa sababu yeye ndiye sababu ya kuandika.

Alikuwa katekista mstaafu, nje kidogo ya mji wa Njombe, upande wa kwenda Kifanya. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wanawe walikuwa wamekubaliana akakae kwa binti yake Felista, Dar es Salaam, na nyumba ilikuwa imeshapata mnunuzi. Felista alitupokea akiwa na karatasi mbili: orodha ya vya kuchukua, na orodha ya vya kuacha. Ya kuchukua ilikuwa na mistari saba. Nguo, dawa, vyeti, Biblia, picha, redio, blanketi moja.

Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, amevaa koti zito, ukungu bado haujainuka. Nyuma yake palikuwa na mipeasi minne. Alituangalia tukitoa vitu na kuvipanga kwenye majani: hivi vya jirani, hivi vya parokia, hivi vya kuchoma. Kisha tukakitoa kitanda.

"Na kitanda?" akauliza.

"Baba, huko kitanda kipo," Felista akamjibu. "Kizuri, na godoro jipya."

"Hiki nilikichonga mwenyewe."

"Najua, Baba. Lakini hakiingii mlangoni. Nilipima."

Akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeshika ubao wa kichwani. Nikamwambia maneno niliyokuwa nimewaambia watu wengi kabla yake, maneno niliyoyapenda kwa jinsi yanavyotoka vizuri mdomoni: "Mzee, mzigo mwepesi ndiyo safari njema."

"Wewe umewahi kuhama?" akaniuliza.

"Hapana. Mimi nahamisha."

Akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitarajia. Jirani akaja na wanawe wawili wakakibeba kitanda, mzee akageuza kigoda akatazama upande wa pili. Kabla ya kuondoka aliniomba namba ya simu. Nilimwandikia kwenye kipande cha boksi, nikadhani ni adabu tu.

Jumapili iliyofuata simu ikaita. "Kamwene," sauti ikanisalimia kwa Kibena, na nilijua ni yeye kabla hajajitaja. Alitaka kujua nyembe zake niliziweka wapi. Nikamwambia, mfuko wa pembeni wa begi la kijani. Jumapili ya pili akauliza kofia. Ya tatu hakuwa na kitu cha kuuliza. Akakohoa kidogo, akasema, "Huko ukungu upo?"

"Upo, Baba. Sioni hata nyumba ya jirani."

"Afadhali," akasema.

Tangu hapo alipiga kila Jumapili baada ya misa. Aliniambia kwamba Dar watu wanamtendea vizuri, kwamba chumba chake kina feni, kwamba wajukuu wanamsalimia wakipita kwenda kwenye televisheni. Aliuliza bei ya viazi, kama baridi imeanza, nani amekufa. Nami nilikuwa sasa nafua Jumamosi ili Jumapili niwe nimekaa, simu mezani, chai imeshamiminwa. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, kwamba nasubiri simu ya mteja?

Mwezi wa tisa akaniomba nikipata kazi Njombe nipite kwake, nimwambie mipeasi imechanua vipi. Nilipata kazi wiki ileile. Nikapita. Mipeasi haikuwepo. Vilikuwepo visiki vinne, na katikati yake miche ya parachichi imefunikwa nyasi kuikinga na jua. Kila mtu Njombe alikuwa anapanda parachichi. Siwezi kumlaumu mwenye nyumba mpya.

Jumapili mzee akauliza, "Umepita?"

"Nimepita, Baba."

"Imechanua?"

Nilisikia jinsi alivyokuwa ameshika pumzi. Nikasema, "Imechanua."

"Yote minne?"

"Yote. Mpaka majani hayaonekani."

Uongo huo nikauzoea haraka. Mwezi wa kumi na mbili nikamwambia matunda yameanza kunenepa. Mwezi wa pili nikamwambia mwenye nyumba ametoa ndoo mbili akapeleka sokoni, zimeisha kabla ya saa nne. Nikamwambia mtoto wa jirani ameanguka kutoka kwenye tawi la chini akateguka mkono. Sijui huyo mtoto nilimtoa wapi. Nakiri kwamba nilifurahia. Nilikuwa nalala nikifikiria nitasema nini Jumapili, na sikuwa nimewahi kuwa na mtu wa kumwandalia habari tangu mume wangu afariki.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Oktoba, akasema kwamba anakuja. Alitaka kuombea kaburi la mkewe Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Atalala Iringa kwa mpwa wake, na Jumatano atafika Makambako. "Utanipeleka kwangu," akasema. "Nione miti."

Nilikuwa na siku tatu za kutafuta kisingizio. Nilifikiria malaria, nilifikiria msiba Mdandu kwa ndugu zangu. Jumatano asubuhi nilijikuta stendi na sweta langu zuri.

Alishuka amepungua sana, koti lilelile limemzidi. Alinishika mikono miwili. Nilimkalisha kwenye benchi la mama wa maandazi, nikaona nikisubiri hata dakika moja sitasema tena.

"Baba, kabla hatujapanda gari la Njombe, nina jambo."

"Sema, mwanangu."

"Mipeasi haipo. Ilikatwa. Ilikuwa imeshakatwa siku ile ya kwanza uliponiuliza."

Aliangalia mabasi. Kondakta mmoja akaja kumwuliza kama anaenda Songea, akamwambia hapana, asante.

"Na zile ndoo mbili?"

"Hazikuwepo."

"Na yule mtoto aliyeteguka?"

"Hakuna mtoto, Baba."

"Nilimwombea yule mtoto," akasema. "Novena nzima, siku tisa."

Nilimwambia anisamehe. Aliinuka, akachukua begi lake mwenyewe, akaenda kwenye gari la Njombe akakaa dirishani. Nilikaa nyuma yake. Njia nzima nilitazama shingo yake.

Tulikwenda kaburini kwanza. Nilisimama mbali, nikimwacha na mkewe. Kisha akasema, "Twende na kule." Nyumba ilikuwa na kijana mwenye adabu, fundi umeme, pamoja na mke wake. Tulipojitambulisha walitoa viti, wakatupikia. Mzee alizunguka visiki, kimoja baada ya kingine, akaweka mkono juu ya kile cha mwisho. Kisha akainama akakagua miche.

"Umeipanda karibu mno," akamwambia yule kijana. "Ikikua itapigana."

"Niing'oe, mzee?"

"Mmoja mmoja katikati. Mapema, kabla hujaipenda."

Kijana akacheka, akaahidi. Mzee hakucheka.

Tulipokuwa tunasubiri gari la kurudi, ndipo alipozungumza nami.

"Miti ni yake, kanunua," akasema. "Hilo halinisumbui. Na wewe ulidanganya kwa sababu nilikuuliza kitu ambacho ulijua jibu lake litaniua. Hilo nalo nitalimaliza na Mungu. Lakini ile siku ya kuhama, unajua kilichoniuma?"

"Kitanda, Baba."

"Hapana. Mlivyoongea. Felista anakuuliza wewe, wewe unamuuliza Felista. Hiki kiende, hiki kibaki. Mimi nimekaa pale na koti langu. Hakuna aliyesema, Gaudensi, wewe unataka kuacha nini? Ningeulizwa, huenda kitanda ningekiacha mwenyewe. Nimezeeka, najua milango ya mjini. Ningekishika kidogo, nikakiacha. Kuacha ni kazi ya mwenye kitu. Ninyi mliniachisha, kama mtoto ziwa."

Gari likaja.

Alirudi Dar. Jumapili ile sikutegemea kitu, lakini simu iliita saa ileile.

"Ukungu upo?"

"Leo haupo, Baba. Kuna jua."

"Hakika?"

"Hakika."

Tangu siku hiyo aliongeza neno hilo kwa kila nililomwambia. Viazi vimepanda bei? Hakika? Fulani kazaa? Hakika? Lilinichoma kila mara, nami nikajua nimelistahili. Nikaanza kwenda kuangalia mambo kwa macho yangu kabla ya kuyasema. Sijawahi kuijua Njombe kama nilivyoijua miezi ile.

Baadaye masikio yake yakaisha. Alikuwa anapiga, anasalimia, anasikiliza kitu ambacho hakisikii, anaaga. Kisha Felista akawa anapiga badala yake mara moja moja, akiwa na haraka. Siku moja alipiga Jumanne, nikajua.

Walimleta kuzikwa kando ya mkewe. Nilikwenda. Palikuwa na watu wengi, mapadre watatu, na wasifu wa marehemu ulisomwa kwa muda mrefu, sikuwemo, na wala sikustahili kuwemo. Mwanamke mmoja aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikasema niliwahi kumfanyia kazi. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaungana na akina mama wa jumuiya kuosha masufuria mpaka watu walipotawanyika.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kufanya kazi, na ninyi mlinilalamikia kwamba nachelewesha lori. Mlisema Mama Baraka siku hizi anakaa na wazee kwenye vigoda badala ya kufunga. Ni kweli. Nilikuwa namtafuta yule anayehama, maana mara nyingi si yule anayelipa. Nilimuuliza kitu kimoja kimoja. Bibi mmoja wa Mdandu aliacha kila kitu isipokuwa jiwe la kusagia, mwanawe akakasirika, tukalipakia. Mwanajeshi mmoja alishika viatu vya mkewe muda mrefu kisha akavirudisha chini mwenyewe, akasema, "Hivi vibaki." Walikuwa wanaacha vingi kuliko walivyoandikiwa kwenye orodha. Lakini walikuwa wanaviacha wao. Sina jambo lingine la maana la kuwafundisha. Hayo mengine ni kamba na soksi.

Sasa magoti yangu yamekataa ngazi ya lori, nami nimestaafu. Baraka amesema niende Dodoma. Nilikataa kwa mwaka mzima, kisha majira ya baridi niliugua kweli, siku mbili nikiwa ndani na hakuna aliyegonga mlango. Siwalaumu, kila mtu ana kwake. Nikampigia nikasema nitakuja. Lori langu ni Jumamosi.

Jana Neema alikuja kufunga vyombo. Baraka alikuwa amemtumia orodha kwenye simu, ya vya kuchukua na vya kuacha. Mwanangu ana nia njema, na amepima milango. Neema aliisoma amesimama katikati ya sebule, nami nimekaa kwenye kochi na sweta langu, sina hili wala lile. Niliangalia kabati, pazia, meza ambayo Baraka aliandikia hesabu zake, na nikagundua kwamba kichwa changu hakina kitu kabisa. Mimi niliyewauliza wengine miaka yote hii.

Neema akaizima simu, akaitia mfukoni. Akavuta mkeka, akakaa chini karibu na miguu yangu.

"Mama," akasema, "wewe mwenyewe unataka kuacha nini?"

Alisubiri. Huko nje wapakiaji waliomleta walikuwa wanapiga honi, akawapungia mkono dirishani wanyamaze.

Nikamwambia abandike maji ya chai. Nitajua nikishakunywa.